Bibi Afya na Maiki Kando ya Kijito

Mjomba,

Sauti yako ya WhatsApp niliipata Jumanne saa kumi na moja alfajiri, nimekaa kwenye gari nje ya nyumba ya mteja wangu wa mwisho, mvua inanyesha kama ilivyo ada ya huku. Niliisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilifuata maneno. Hizo nyingine mbili nilikuwa namsikiliza jogoo wa jirani yako na upepo ulivyokuwa ukigonga kwenye simu, maana upepo wa Singida naujua hata ukinijia kwa intaneti.

Unasema watu wa kupima upepo wamesimamisha mlingoti kwenye ule mwinuko wa upande wa mashamba ya alizeti, mwembamba na mrefu kuliko mnara wa simu, umefungwa kwa waya kila upande. Na kwa kuwa ulikuwa mtendaji wa kata kabla ya kustaafu, na mimi ndiye mpwa wako niliyeko Ulaya, wazee wamekutuma uniulize: hiyo mitambo ya umeme wa upepo ikija kweli, inapiga kelele?

Ningeweza kukujibu kwa neno moja nikarudi kulala. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha, nikiwa bado nabeba mafaili yako kwenda baraza la kata, kwamba kwenye kesi ya mpaka usiulize mpaka uko wapi kabla hujauliza nani alipanda minyaa. Kwa hiyo nakuandikia barua nzima. Vuta kiti.

Ninakoishi ni kusini mwa Uskoti, vilima vya nyasi na kondoo, nyumba moja hapa na nyingine kule. Kazi yangu unaijua: natunza wazee majumbani kwao, zamu ya usiku. Namgeuza huyu kitandani, nampa yule dawa, nawasha gari, nakwenda nyumba nyingine. Mteja ninayetaka kukusimulia ni mzee wa miaka themanini na nne, mfugaji wa kondoo tangu utoto, mjane, anayeishi peke yake kwenye nyumba ya mawe. Kutoka dirisha lake la chumbani hadi mtambo wa karibu ni kama kilomita moja. Iko mingi pale kilimani, na usiku ina taa nyekundu.

Mzee ana daftari. Ni daftari la kawaida la mistari, limeviringika kona kwa kushikwa. Kila ukurasa una tarehe, saa, upepo unatoka wapi, na neno moja au mawili juu ya alichosikia. Kuna usiku ameandika tu mstari wa mlalo, maana yake hakuna kitu. Kuna usiku ameandika "ndege isiyofika". Kuna usiku ameandika "kiatu kwenye mashine ya kukausha nguo", na chini yake saa tatu tofauti, ishara kwamba aliamka mara tatu. Hakujitungia mtindo huo. Halmashauri ndiyo iliyomwambia aandike, alipopeleka malalamiko yake. Huku ukilalamika kelele, iwe ya mbwa wa jirani au ya mtambo wa upepo, kitu cha kwanza unachopewa ni fomu ya kuandika kelele hiyo ilisikika lini.

Mimi mwenyewe sikumwelewa kwa muda mrefu. Nilipokuja Uskoti mara ya kwanza, wenzangu walinipeleka Whitelee, nje kidogo ya Glasgow, kwenye shamba kubwa la upepo lenye mitambo 215. Familia zinakwenda kule kutembea na kuendesha baiskeli. Kuna njia za zaidi ya kilomita 130 zinazopita katikati ya mitambo. Nilisimama chini kabisa ya mmoja, mchana, nikiwa na chai mkononi. Ulikuwa unavuma kama pangaboi la ofisi ya serikali, hwuu, hwuu. Nikajiuliza watu wanalalamikia nini. Barabara ya Dodoma kwa malori yake ina kelele mara kumi ya hiyo.

Kisha usiku mmoja wa Machi, saa tisa, Mzee aliniomba nizime taa na feni ya jikoni, nikae kitandani kwake upande wa dirisha, nisiseme. Nje nyasi hazikutikisika hata kidogo. Chini kulikuwa shwari, juu kilimani panga zinazunguka. Mwanzoni sikusikia chochote. Halafu kikaja, Mjomba, na kilipokuja hakikuondoka. Unakumbuka alfajiri ya siku ya msiba, wanawake wanapotwanga kwenye ua wa tatu kutoka kwako? Mchi wenyewe huusikii. Unasikia kishindo kinavyokuja na kurudi, na baada ya muda unaanza kukisubiri. Hicho ndicho kilikuwa kinamwamsha. Sauti ilikuwa ndogo, ndogo kuliko jokofu lake. Lakini jokofu halipumui.

Sasa tuje kwa halmashauri, maana najua hapo ndipo utakapovaa miwani.

Anayeshughulikia kelele huku ni yule yule Bwana Afya wa kwetu, anayekagua mabucha na vyoo. Wa halmashauri yetu ni mwanamke, kwa hiyo nitamwita Bibi Afya. Wiki hiyo hiyo anayokagua jiko la hoteli ndiyo anayoletewa ripoti ya kelele za mitambo, mamia ya kurasa zenye michoro, iliyoandikwa na mtaalamu aliyeajiriwa na mwekezaji. Yeye ndiye anayetakiwa kuwaambia madiwani kama ripoti ni sahihi. Ni mtu mwelewa, nimezungumza naye, na hafichi kwamba mambo ya sauti ni sehemu ndogo tu ya aliyosomea. Halmashauri inaweza kukodi mtaalamu wake. Mara nyingine inakodi.

Chombo anachotegemea ni mwongozo mmoja wa mwaka 1996 wenye jina la kifaili: ETSU-R-97. Ulitungwa na kamati iliyokusanya wenye mitambo, wataalamu wa sauti na mabwana afya wa halmashauri, kwa niaba ya wizara ya biashara na viwanda ya wakati ule. Hiyo ETSU ni kifupi cha kitengo cha nishati kilichokuwa Harwell, kusini mwa England, ambacho hakipo tena kwa jina hilo. Watungaji wenyewe walikusudia mwongozo upitiwe upya baada ya miaka miwili. Hesabu miaka mwenyewe. Mitambo ya enzi ile ilikuwa kama miche ukilinganisha na ya leo. Siku hizi huku wanaomba vibali vya mitambo ambayo ncha ya panga inafika mita 200 juu.

Ngoja nikueleze unavyofanya kazi, kwa sababu kuna mambo mle ambayo ukiyasikia utacheka, na mengine hutacheka.

Kwanza wanapima kimya. Ndiyo, kimya. Kabla mtambo haujajengwa, wanaweka maiki nje ya nyumba za watu, kwenye mti wa chuma wa urefu wa kifua, imevishwa sponji kubwa kama kichwa cha mtoto ili upepo usiipige. Inakaa pale angalau wiki mbili. Kila dakika kumi inaandika namba moja: kile kiwango ambacho sauti ya mahali haikushuka chini yake kwa dakika tisa katika hizo kumi. Trekta likipita, mbwa akibweka, namba haitikisiki. Inashika kile kilichobaki chini kabisa, kama sukari iliyotuama kwenye kikombe. Vipindi vya mvua vinatupwa. (Nilimwuliza Bibi Afya, kwa Uskoti, ukitupa vipindi vya mvua unabakiwa na nini? Alicheka, akasema ndiyo maana wakati mwingine wiki mbili zinageuka sita.) Namba hizo wanazipanga pamoja na kasi ya upepo uliopimwa na mlingoti kama huo wenu, wanapata mstari: upepo ukiwa kiasi hiki, nyumba hii ina kimya cha kiasi hiki.

Kisha mtambo unaruhusiwa kuzidi mstari huo kwa desibeli 5. Ila mahali palipo kimya sana wameweka sakafu, ili mwekezaji asibanwe mno: mchana desibeli kati ya 35 na 40, usiku 43.

Umeona? Usiku unaruhusiwa kelele zaidi kuliko mchana. Nilidhani nimesoma vibaya. Hoja yao ni kwamba usiku watu wako ndani. Walichukua desibeli 35 kama kiwango cha kutomsumbua mtu aliyelala, wakaongeza 10 zinazozuiwa na ukuta hata dirisha likiwa wazi, wakapunguza 2 kwa sababu ya ile namna yao ya kupima, ikapatikana 43. Hesabu ni safi. Miaka mitatu baadaye, 1999, Shirika la Afya Duniani likashusha kiwango cha chumba cha kulala hadi 30, lakini 43 ya mwongozo ikabaki palepale. Nilipomweleza Mzee hoja ya watu kuwa ndani usiku, aliniuliza kama waliotunga mwongozo waliwahi kufuga kondoo. Msimu wa kuzaa, Aprili na Mei, yeye alikuwa akilala zizini.

Na hiyo 35 au 40 ya mchana, anayeamua ni nani? Mwongozo unataja mambo matatu: idadi ya nyumba zitakazoguswa, umeme utakaopotea ikichaguliwa namba ya chini, na kelele itadumu kiasi gani. Soma tena lile la kwanza. Nyumba zikiwa nyingi, namba inavutwa chini. Nyumba ikiwa moja, ya mzee mmoja kilimani, inavutwa juu. Mtu anayeishi peke yake ana sikio la bei nafuu.

Kuna na sikio la kulipwa. Mwenye nyumba akiwa na maslahi ya fedha kwenye mradi, tuseme mitambo imesimama kwenye shamba lake na analipwa kodi, kiwango chake kinaruhusiwa kupanda hadi 45, usiku na mchana. Jirani wa Mzee, upande wa pili wa barabara, ni mmoja wao. Anasema analala fofofo. Mzee anasema pesa ni pamba nzuri ya masikioni. Hawasalimiani tangu mwaka juzi, watu waliosoma darasa moja.

Lakini usije ukafikiri nawapinga watu wa upepo. Nyumba yangu inapashwa joto na umeme huo, na nimeishi Singida enzi za kusoma kwa kibatari. Ukumbi wa kijiji chetu umeezekwa upya kwa fedha za mitambo. Mwongozo wa serikali ya Uskoti unahimiza wawekezaji watoe pauni 5,000 kwa mwaka kwa kila megawati kwa ajili ya jamii ya karibu, na hizo ni fedha. England kulikuwa na miaka, 2015 hadi 2024, ambapo kanuni za mipango zilikaza kiasi kwamba mitambo ya nchi kavu karibu isijengwe kabisa, kwa hofu ya walalamikaji, na hilo nalo siliiti busara. Ninachokueleza ni kidogo kuliko hayo yote. Ni maiki iliwekwa wapi.

Mwaka jana mwekezaji mwingine alikuja na ombi la shamba la pili, upande wa magharibi wa kilima. Mradi unaozidi megawati 50 huku Uskoti hauamuliwi na halmashauri. Unakwenda serikali ya Uskoti, na halmashauri inatoa maoni tu. Lakini maoni hayo yana uzito, na kwenye kelele Bibi Afya ndiye kalamu. Kabla ya vipimo, mtaalamu wa mwekezaji anamwandikia akipendekeza nyumba za kuweka maiki, naye anakubali au anakataa. Hawapimi kila nyumba. Wanachagua nyumba moja iwakilishe za jirani. Nyumba ya Mzee iliwakilishwa na nyumba iliyoko bondeni, kama mita mia nane kutoka kwake. Kwenye ramani ziko karibu kabisa. Bibi Afya alikubali akiwa mezani kwake, kwa ramani.

Mimi barabara ile naipita kila usiku. Novemba nikaiona maiki imesimama kwenye bustani ya ile nyumba ya bondeni, na sponji lake, nikapunguza mwendo nikashusha kioo. Mjomba, kulikuwa na kijito. Kijito kidogo tu, hatua chache nyuma ya ua, kile ambacho Juni unakivuka bila kulowa kisigino. Lakini ilikuwa Novemba, mvua za wiki tatu, kinanguruma kama kimekunywa. Maiki haijui tofauti ya kijito na kimya. Inaandika tu ile sauti isiyoshuka, na kijito hakishuki hata sekunde moja. Tuseme imeandika 38. Ongeza 5, umepata 43, na hicho ndicho kimekuwa kipimo cha haki ya mzee aliyeko juu kilimani, kwenye nyumba isiyo na kijito, ambako jioni ukizima redio unasikia kondoo wakicheua.

Sidai kwamba mtu alikusudia. Aliyeweka maiki alikuwa kijana wa kutumwa, bila shaka aliona bustani nzuri na mwenye nyumba mkarimu. Mwongozo wa matumizi uliotolewa na chama cha wataalamu wa sauti mwaka 2013 unaonya waziwazi juu ya vitu kama mito, miti na mabomba ya kutolea moshi ya boila. Kila kitu kimeandikwa. Tatizo ni kwamba mtu wa kukagua alikuwa mmoja, na wilaya ni kubwa.

Na ukishakosea hapo, kurudi ni shida. Hii ndiyo naomba uibebe hadi kwa wazee. Mtambo ukishasimama, kile kimya cha awali hukipati tena mpaka uombe uzimwe, na mwenye mtambo hazimi kirahisi upepo ukiwa mzuri. Malalamiko ya Mzee juu ya shamba la kwanza yamekwama hapo hapo. Halmashauri ilimletea kisanduku cha kurekodi chenye kitufe, abonyeze kila akisikia. Kikakaa wiki moja. Wiki hiyo upepo ulitoka mashariki, upande usio na mitambo, akabonyeza mara mbili tu, na mara moja ilikuwa kwa bahati mbaya akitafuta miwani. Baadaye, kwa mujibu wa sharti la kibali, halmashauri ikamwandikia mwenye mitambo amwajiri mtaalamu akapime. Yaani mwenye mbuzi ndiye aliyetumwa kwenda kutathmini shamba lililoliwa. Mtaalamu alipima kwa haki, naamini, na akakuta namba ziko ndani ya kiwango. Barua ikaja: hakuna ukiukwaji.

Zilikuwa ndani ya kiwango kweli. Hapo ndipo mwongozo unapokosa sikio. Ile namba ya dakika kumi haioni kutwanga. Panga linapita, sauti inapanda, linaondoka, inashuka, pigo moja kila sekunde na ushei. Ukilisaga hilo katika dakika kumi ukachukua kilichotuama chini, unapata unga laini. Mwongozo wa 1996 uliyataja mapigo hayo, ukayaona madogo. Mholanzi mmoja, Frits van den Berg, alikwenda kusikiliza kwenye shamba la mitambo 17 la Rhede, mpakani mwa Ujerumani na Uholanzi, na mwaka 2004 akachapisha alichokuta: usiku, ardhi ikipoa, upepo chini unakufa huku juu kwenye kitovu cha mtambo unakwenda kwa kasi kuliko hesabu zilivyotarajia, na sauti inazidi ile ya mchana wenye upepo ule ule wa chini kwa hadi desibeli 15. Ndiyo ule usiku wangu wa Machi: nyasi hazitikisiki, kilimani kunatwangwa. Kule Devon, kusini magharibi mwa England, kwenye mradi wa Den Brook, kibali kiliwekewa sharti maalumu juu ya mapigo hayo, na wakazi na mwekezaji wakavutana juu ya sharti hilo hadi Mahakama ya Rufaa. Lincolnshire familia moja ilihama nyumba yake, ikashtaki, na mwaka 2011 shauri likamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama.

Serikali nayo haikukaa kimya, ila mwendo wake ni wa kinyonga. Mwaka 2016 wataalamu walitoa njia ya kupima mapigo hayo. Mwaka 2023 ripoti iliyoagizwa na serikali ikasema mwongozo unahitaji kufanywa upya. Mwaka 2025 rasimu mpya ikatolewa watu watoe maoni. Mzee alitoa yake, kurasa nne kwa mkono, nikazipeleka posta mimi.

Mkutano wa kijiji juu ya shamba la pili ulifanyika Februari, chini ya paa jipya la fedha za mitambo, na vikombe vya chai vinagongana. Ungekuwepo ungejiona nyumbani. Diwani alifungua kwa maneno mazuri. Mtaalamu wa mwekezaji alionyesha michoro ukutani, mistari ya bluu na myekundu, na bluu haikugusa myekundu mahali popote. Diwani akamgeukia Bibi Afya: ni sahihi, iko chini ya kiwango? Akasema kwa hesabu zilizowasilishwa, ndiyo. Ikaelekea kuisha hivyo. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nimevaa sare ya kazi, ni zamu yangu baada ya saa moja, mgeni mweusi peke yangu ukumbini, na sikukusudia kufungua mdomo. Lakini nilikumbuka ulivyokuwa ukisimama kwenye baraza, ukiuliza swali dogo kwa sauti ya upole huku kila mtu ameshashika kofia. Nikanyoosha mkono. Nikasema, naomba kujua, hiyo maiki ya bondeni ilipokuwa pale Novemba, kijito kilikuwa kimejaa au kimekauka?

Kimya kikaingia, Mjomba, kimya ambacho maiki yao ingekipenda.

Mtaalamu akasema angeangalia kumbukumbu. Bibi Afya hakusubiri. Akaniuliza mimi, mbele ya watu, kijito kiko umbali gani na ua. Nikamwambia hatua kumi na mbili, nilikuwa nimezihesabu. Akaandika. Kesho yake akaenda mwenyewe, na buti, akasimama pale, na wiki iliyofuata akawaandikia kwamba halmashauri haitatoa maoni mpaka kipimo kirudiwe nyumbani kwa Mzee. Nampa heshima yake. Kuna maofisa ambao wangelinda sahihi yao ya kwanza hadi kustaafu, unawajua, umefanya nao kazi.

Kwa hiyo waambie wazee kwamba swali lao linaweza kusubiri kidogo, la maiki haliwezi. Kwetu kuna kanuni za kelele za mwaka 2015, na NEMC, baraza la mazingira, tumewaona wakifunga baa. Mradi mkubwa lazima ufanyiwe tathmini ya mazingira, na kwenye tathmini hiyo kutakuwa na ukurasa wa kelele. Ukurasa huo uombeni mapema, kabla haujajaa. Watakapokuja na vipimo, ulizeni vinawekwa ua wa nani, na mwezi gani. Wakitaka kuweka karibu na mashine ya kusaga, kataeni. Wakitaka kuweka msikitini au kanisani, mahali ambapo hapakosi watu, kataeni kwa adabu. Pelekeni maiki kwa yule bibi wa mwisho, kule mawe yanakoanzia, ambako hakuna hata kuku. Na mtu wa afya wa kata akaone kwa macho yake, hata kama ni kwa bodaboda ya kuchangiwa. Najua mtasema shida yetu kwanza ni ardhi na fidia. Kweli. Kinangop kule Kenya wakulima walipambana na mradi wa namna hii hadi ukafa mwaka 2016, na hawakuwa na muda wa kuhesabu desibeli. Lakini ardhi ina watu wengi wa kuisemea, akiwemo wewe.

Maiki ya Mzee imekuja wiki iliyopita. Imesimama mita chache kutoka dirishani kwake, na yeye kaifanya mgeni wa heshima. Mbwa amehamishiwa kwa binti yake. Saa ya ukutani kaitoa betri. Akitaka kuniambia jambo ananivuta jikoni kwanza, ananong'ona. Bibi Afya alimweleza mara mbili kwamba gari langu halidhuru kitu, ile namba haiandiki vya kupita. Akaitikia kwa kichwa, mlango ulipofungwa akaniambia nisimwamini mtu yeyote mwenye kalamu. Kwa hiyo siku hizi naacha gari getini, chini ya mteremko, napanda kwa miguu saa nane za usiku na begi la dawa, taratibu pembeni ya njia, kwenye majani, maana kokoto zinalia.

Nisalimie wote. Shangazi mwambie vitunguu vilifika.

Mpwa wako.